Joto la sebuleni Kapchorwa: nilivyoiondoa sigiri bila kufilisika

Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba unatafuta kitu cha kupasha nyumba joto, atakucheka. Kule wananunua feni. Lakini Kapchorwa iko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Elgon, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mvua na ukungu vikishika katikati ya mwaka, jioni utamkuta mtu mzima kavaa koti zito na kofia ya sufu na bado anatafuta moto. Kwetu mtu huyo ni mama. Amepita miaka sabini, na baridi ikiingia magoti hayampi usingizi.

Moto wake ulikuwa sigiri, yaani jiko la makaa. Inawashwa nje, makaa yakishaiva yakawa mekundu inabebwa mpaka sebuleni, na mlango unafungwa. Majirani wengi hufanya vivyo hivyo. Kilichonisukuma kwanza ni pesa. Makaa mengi ya nchi hii hutoka kaskazini, na tangu ile amri ya rais ya Mei 2023 iliyokataza uchomaji wa makaa ya biashara upande huo, bei ya gunia tunalonunua sisi imekuwa ya kupanda tu. Jioni moja ya baridi ilikula makaa ya shilingi 3,000, na hayo ni mbali na ya kupikia. Piga hesabu ya mwezi: 90,000.

Halafu kulikuwa na kichwa. Mama alikuwa akilalamika kichwa karibu kila usiku, lakini akitoka uani akakaa kidogo, kinaachia. Mtu akiumwa kichwa ndani na kupona nje, usikimbilie Panadol, angalia moto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu huogopa moshi, kumbe yale makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo ndiyo yanayoua watu usingizini. Hapo sikuwa tena na mjadala na mtu yeyote kuhusu sigiri ndani ya nyumba, hata na mama.

Shemeji yangu alituazima hita ya umeme ya wati 2,000. Inapasha haraka, hilo siwezi kulikana. Lakini hita hiyo inakula uniti mbili kwa saa. Ukiiwasha kuanzia saa moja jioni mpaka saa tano usiku, umemaliza uniti nane, na uniti ya kawaida ya nyumbani inazidi shilingi 700. Hapo ni karibu 6,000 kwa usiku mmoja, mara mbili ya makaa. Lipo punguzo la kupikia kwa uniti kati ya 81 na 150 za kila mwezi, ila kwa mwendo wa hita hiyo unalipita kabla mwezi haujaisha. Isitoshe, umeme wetu hupenda kukatika mvua ikinyesha, na mvua ndiyo yenye baridi. Mama naye aliitazama ile hita akaniambia, "Mwanangu, hiki kinanguruma tu. Moto wake uko wapi?"

Gesi niliiacha mapema. Hita za gesi za kusukuma kwa magurudumu, ukizifungua mpaka mwisho, kila moja hula kama gramu 300 kwa saa. Kwa saa nne za jioni, mtungi wa kilo 13 haufiki wiki mbili. Na kwa kuwa hazina bomba la kutoa hewa nje, unyevu wote wa moto ule unabaki chumbani, na kuta zetu zina ukungu wa kutosha tayari.

Katika hesabu hizo zote nilikuwa naangalia vifaa, mpaka fundi wa mbao aliyekuja kurekebisha mlango akainua macho juu. "Mwalimu, unapasha mabati au unapasha watu?" Sebule yetu haikuwa na dari. Ukilala chali kwenye kochi unaziona kenchi, bati, na mwanga unaopenya pale ukuta unapokutana na paa. Joto hupanda, bati linalipokea na kulitoa nje usiku kucha. Hata ungeleta tanuri la matofali, lingekuwa linapasha anga la Elgon.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ilienda kwenye dari, tena ya sebule peke yake. Plaiwudi nyembamba tano, mbao za kugongea, misumari na ufundi, jumla 380,000. Fundi alitaka kumwaga maganda makavu ya kahawa juu ya dari ili yazuie joto zaidi. Wazo si baya, ila mimi nawajua panya wa mji huu, na sikutaka kitu kikavu kinachoshika moto juu ya kichwa cha mama. Matundu ya hewa juu ya madirisha tuliyaacha wazi. Wengi huyaziba kwa magunia wakati wa baridi, na penye moto ndani hiyo ni hatari.

Baada ya dari, tofauti ilionekana kabla hatujawasha chochote. Ndipo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea kuagiza jiko dogo la chuma lenye bomba la moshi. Yeye alitaka kukata mtungi wa zamani wa gesi. Nilikataa, kwa sababu mtungi uliobaki na gesi ndani unaweza kumlipukia anapoukata. Tukakubaliana bati nene la milimita tatu, mlango wenye kitasa, na tundu la chini la hewa lenye kifuniko cha kuteleza. Bomba la karibu na jiko nililitaka la chuma cheusi, si la bati lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Jiko na bomba vilinigharimu 350,000.

Bomba tulilipitisha kwenye ukuta wa matofali, likapandia nje, maana bomba la moto halipaswi kugusa mbao za dari. Hasara yake ni kwamba likiwa nje hupoa haraka na kukusanya masizi, kwa hiyo lazima lisuguliwe mara kwa mara. Kichwa chake kinazidi kwa futi mbili kitu chochote kilicho ndani ya futi kumi kutoka lilipo. Likiwa fupi, upepo wa mlimani unakurudishia moshi ndani.

Kuni ndizo zilizonifanya nichague hivi. Tuna shamba la kahawa ya Arabika kijijini, na miti mizee hukatwa baada ya mavuno ili ichipue upya. Mashina yale ni magumu, yanawaka taratibu, na zamani tuliyaacha yaoze. Sasa tunayapanga chini ya upenu msimu wote wa kiangazi. Mama ndiye mkaguzi: anachukua vijiti viwili anavigonganisha. Vikilia "ko!" vinaingia ndani, vikitoa sauti nzito vinarudi kwenye rundo, kwa sababu kuni mbichi hujaza bomba lami. Za kuwashia ni magunzi ya mahindi. Gharama ya jioni imebaki ile ya kusafirisha kuni kutoka kijijini, na kichwa cha mama kimetulia.

Jirani yangu, mjane anayepanga vyumba viwili, alikuja kuliona jiko akataka la kwake. Nilimwambia asubiri. Hana shamba, kuni angenunua sokoni, na mwenye nyumba hawezi kumruhusu kutoboa ukuta. Kwake tumeanza na dari ya mikeka ya mafunjo chumbani anakolala na watoto, na chupa ya maji moto kwa kila kitanda. Sigiri anapikia barazani. Mwenye nyumba ameahidi kuchangia nusu ya mikeka, ila mpaka leo hajatoa hata shilingi.