Bustani yangu ya Kibada, ile waliyoiita pori

Fundi bustani aliyetujia mwanzoni alikuwa na jibu moja kwa kila kiwanja: lori la udongo mwekundu, nyasi za pasipalamu, miashoki kuzunguka ukuta. Hakuuliza ardhi yetu ikoje wala maji tunayapata wapi. Kiwanja ni ishirini kwa thelathini, Kibada huku Kigamboni, mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo ya maji yanazama kabla hujageuka. Baba watoto akamkubalia, ikaenda milioni na ushee, nyasi zikapendeza hadi Krismasi. Januari, kaskazi ilipokolea, tukaanza kununua maji ya boza kunywesha majani ambayo hata mbuzi wa jirani tunamfukuza asiyale.

Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ukapungua, mgao ukaingia, watu mjini wanahangaika na madumu. Nikampigia fundi. "Mama, ongeza samadi, halafu mwagilia asubuhi na jioni." Nikakata simu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanja hakijajengwa. Mikoche, mikole, mitopetope ya porini, vyote vimesimama na ukijani wao, na hakuna aliyewahi kuvipelekea hata kikombe cha maji. Hapo nilipata jibu langu bila kumlipa mtu: nipande mimea ya asili ya hapahapa.

Nyasi nikaziacha zife. Ukoka ukaingia wenyewe. Unakauka Februari unakuwa rangi ya mkeka, masika yakianza Machi unaamka, na sisi tumeshazoea.

Shida ilikuwa miche. Bustani za maua za barabarani zimejaa bogenvilia, ambayo kwao ni Amerika ya Kusini, na miashoki ya India. Hata mwarobaini, ambao watu wanaapa ni wetu, asili yake ni Asia. Nilipoulizia mkindu, kijana akanitazama: "Ule wa kusukia mikeka, mama?" Huohuo. Akacheka na wenzake. Wacha wacheke. Ua la Saintpaulia ambalo Wazungu wanalifuga madirishani lilitoka milima ya Usambara, likapewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1893, na leo linauzwa dunia nzima. (Kwangu halifai, linataka kivuli na ubaridi, lakini hoja mmeipata.)

Kitalu changu kikawa sokoni. Ukwaju wa juisi: toa kokwa kabla hujachemsha, loweka usiku kucha, fukia. Mabungo: tulikunywa juisi, mbegu nikazifukia zikiwa bado mbichi, sasa mbungo unapanda ukuta wa nyuma na siutaki tena ule waya wa seng'enge. Ila ubuyu wa rangi na sukari msijaribu kuuotesha, ule umeshapikwa.

Kisha kile kiwanja cha ng'ambo kikauzwa. Nikamwomba mwenyewe aniruhusu nichukue ninachoweza kabla greda halijaingia. Alishangaa, akasema chukua hata vyote. Vijana wawili walitoka jasho siku nzima na mtopetope mmoja mkubwa, mzizi unashuka tu kama kisima, mwisho wakaukata. Ulikufa ndani ya wiki. Miche ya urefu wa kiganja, niliyoing'oa mwenyewe na bonge lake la mchanga, karibu yote ipo. Machipukizi ya mkindu ndiyo hayana kisirani kabisa. Ila msinielewe vibaya mkaenda na majembe Pugu au Kazimzumbwi. Ile ni misitu ya hifadhi.

Sasa nije kwenye vyungu, maana hapa ndipo ninapojisifu. Chungu cha udongo kisichopakwa kitu, ukikifukia hadi shingoni karibu na mche na kukijaza maji, kinayatoa taratibu kupitia mwilini mwake, chini kwa chini, pale pale kwenye mizizi. Jua haliyaoni. Nilikwenda kwa mama mmoja muuza vyungu barabarani, akanionyesha vilivyopakwa rangi ya mafuta, vinang'aa. Nikamwambia sivitaki, nataka kinachovuja. Akaona namtukana. "Dada yangu, mimi vyungu vyangu havivuji!" Nikaomba maji, nikajaza kimoja cha kawaida, tukakaa tunapiga stori. Baada ya muda ubavu wa chungu ukawa unatoka jasho. Nikamwambia hiki, na hivi vyenye ufa mdogo mdomoni nipunguzie. Aliniuzia kwa bei ya kutupa na nina hakika usiku ule aliwasimulia wenzake habari zangu. Kiangazi kizima najaza kila baada ya siku tatu nne, dumu moja linazunguka vyungu kadhaa. Boza sijaliita tena.

Lazima vifunikwe. Mimi naweka kipande cha marumaru na jiwe juu. Maji ya wazi yanazalisha mbu, na Dar imeshapigwa na dengi, homa inayoenezwa na mbu, 2014 na 2019, na mjumbe wetu alikuja kukagua kimoja kimoja, ana haki.

Mama mkwe yeye hofu yake ilikuwa mkwaju: unakaribisha majini. Sikubishana, mkwe ni mkwe. Nikasema, "Sawa mama," nikauhamishia kwenye kona ya mbali, ambako ungekwenda hata hivyo kwa sababu mti ule unakuwa mkubwa na sitaki mizizi yake ikaribie karo.

Vita ngumu zaidi ilikuwa ya fagio. Dada wa nyumbani kwetu alilelewa kwamba uwanja wenye jani ni uchafu, kila alfajiri anafagia hadi mchanga unabaki na mistari, kisha anachoma. Tukapatana: mbele ya mlango afagie atakavyo, majani yote ayasukumie chini ya vichaka, kiberiti kibaki jikoni. Mchanga chini ya mikole umeanza kuwa mweusi. Mishubiri ikitoa maua, ndege aina ya chozi wanakuja asubuhi, watoto wanawahesabu badala ya kupiga mswaki. Nyoka nilioahidiwa na majirani bado sijawaona.

Majirani haohao sasa wanaomba mbegu. Anayetaka machipukizi ya mkindu aje na koleo lake, aje masika, si Januari. Chungu atajinunulia.