Beetle ya mzee kumbe haikuwa nyeupe

Jamani hii Beetle ya mzee (zile Volkswagen za zamani za mgongo wa duara) tangu nazaliwa naijua nyeupe, sasa fundi rangi kaanza kupiga msasa mlangoni ikatoka nyeupe, chini yake puti, chini ya puti bluu, halafu tena kuna rangi ya beji fulani hivi, ile kama mchanga. Ila mlango usiuamini sana, unaweza ukawa umetoka gari lingine. Ukitaka rangi ya kiwandani angalia kule wapaka rangi wanakoona uvivu kufika, nyuma ya dashibodi ukifungua boneti ya mbele (injini si ipo nyuma) na chini ya kiti cha nyuma. Kote beji!

Na hapo chini ya kiti ndo namba ya chasisi imegongwa, yetu inaanza na 118, yani modeli ya 1968, na mwaka huo Volkswagen walikuwa na rangi inaitwa Savanna Beige, namba yake ya rangi L620. Savanna wallahi, na gari imezeekea Dodoma 😂

Viti ndo vilinimaliza. Juu kava la maua, chini sponji, chini kabisa springi za chuma na mabaki ya makumbi ya nazi. Fundi viti anataka ajaze sponji tu eti makumbi yanawasha, nimemgomea. Saivi nasubiri cheti kutoka makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg, unawapa namba ya chasisi wanakuandikia gari ilitoka na rangi gani na viti vya aina gani. Bi mkubwa kashasema ikirudi na hiyo rangi ya vumbi yeye hapandi.