Likizo na mapeasi ya wizi
Likizo ya mchungaji jina tu, wiki ya kwanza nimeshazika wawili. Ila jana kwenye kivuko cha Kigamboni nikafungua Maungamo, kitabu cha Mtakatifu Agostino. Mwafrika mwenzetu huyu, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo, anaungama kuiba mapeasi ujanani, wala hakuwa na njaa. Utamu ulikuwa kuiba tu. Nikakumbuka maembe ya jirani yetu Temeke, nikacheka peke yangu hadi mama mwenye ndoo ya samaki akanikodolea macho.

Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, niliiokota kwa wauza vitabu vya mtumba Posta. Jalada la nyuma lina hesabu ya sukari ya mtu. Kitabu cha vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, bado naogopa unene wake.

Usiku mke wangu: "Baba Neema, mahubiri ya Jumapili je?" Nikazima taa.