Baiskeli niliyochagua kufungia mota ya kati

Phoenix ya marehemu baba nimeiacha ukutani. Naipenda mno, lakini breki zake za fito hazitaumudu mteremko wa Kibosho nikiongeza mota ya kati, ile inayokaa kwenye ekseli ya pedali, ya wati 750.

Nimechukua ya milimani, mtumba, fremu ya chuma, breki za diski. Kabla ya kulipa nikasema, "Fundi, naomba utoe pedali na ekseli yake kwanza." Nikapima upana wa lile bomba la fremu linaloshika ekseli: milimita 68, kavu, halina kutu. Mota yangu, Bafang BBS02, hukaa kwenye bomba la milimita 68 hadi 73. Mnyororo nimenunua mpya, maana mota ya kati huvuta kupitia mnyororo na gia.

Kilichonisumbua ni betri. Nilikata katoni kwa vipimo vyake, nikaiingiza katikati ya fremu: ikagoma kwa upana wa vidole viwili, mpaka nilipong'oa kishikio cha chupa.