Kaptula Mbili za Umri Mmoja

Mwezi uliopita nilitandaza kaptula mbili kitandani, moja juu ya nyingine. Zote zilikuwa na lebo ya miaka tisa hadi kumi, na zote nilizinunua siku moja katika duka moja hapa Uingereza tunakoishi. Ya kwanza niliitoa upande wa wavulana na ya pili upande wa wasichana, kwa ajili ya mapacha wangu, mvulana na msichana. Kaptula ya kaka ilifika magotini na ilikuwa na mifuko inayomeza mkono mzima. Ya dada ilikomea mahali ambapo mfuko wa kaka unaishia, na kilichoonekana kama mfuko kilikuwa mshono wa kuigiza tu, haupitishi hata kidole. Watoto hawa wanatofautiana urefu kwa sentimita mbili, na aliye mrefu ni msichana.

Katika nyumba yetu mimi ndiye mnunuzi wa nguo, kwa kuwa mama yao hufanya kazi zamu za usiku na Jumamosi asubuhi, maduka yanapofunguliwa, yeye ndipo anapopata usingizi. Kwa hiyo maoni yangu kuhusu mavazi ya watoto wa kike sikuyapata katika mijadala ya wahamiaji wenzangu, ambayo naifahamu vizuri na mara nyingi hunichosha. Wapo wanaosema mtoto wa kike aliyevaa nguo fupi amekosa malezi, na wapo wanaojibu kwamba mtoto ni mtoto, mwenye macho mabaya ndiye wa kulaumiwa. Wa pili wana haki kuhusu lawama, kwa maana hakuna vazi linalomfanya mtoto astahili kudhuriwa. Lakini pande zote mbili huzungumzia macho ya watazamaji, na ni nadra kusikia mtu akiuliza habari za mvaaji, ambaye ndiye atakayeshinda na nguo hiyo mwilini tangu asubuhi hadi jioni, akikaa sakafuni, akipanda ngazi na kubinuka kichwa chini miguu juu.

Wenyeji wa hapa nao jambo hili limewasumbua. Juni 2011 ilitolewa ripoti ya Reg Bailey, wakati huo mtendaji mkuu wa Mothers' Union, umoja wa akina mama wa Kianglikana, ambaye serikali ilikuwa imemwagiza achunguze malalamiko ya wazazi kuhusu biashara inayowakomaza watoto kabla ya wakati wao. Wenye maduka, kupitia chama chao cha British Retail Consortium, walitoa mwongozo unaogusa maneno yanayochapishwa kifuani, aina za vitambaa, mikato ya shingo na hata sidiria za kwanza, ambazo zinatakiwa kusitiri na kumpa mtoto raha, si kumkuza kifua. Mwongozo huo ni wa hiari. Sheria yenyewe imekaza kwingine: tangu 1976 imekatazwa kuweka kamba ya kufungia kofia kwenye makoti ya watoto wadogo, kwa kuwa kamba hunasa na kukaba shingo, na nguo zao za kulalia huwekewa masharti kuhusu namna zinavyoshika moto. Shingo imelindwa na moto umezingatiwa; urefu wa pindo umeachiwa mzazi, na kwa kweli sioni kama ningependa serikali ije nyumbani kwangu na futi ya kupimia.

Taabu kubwa haipo kwa mtoto wa miaka mitano. Huanza pale msichana anaporefuka haraka kuliko umri wake, na hapo ndipo nimewaona wazazi makini wakishindwa. Binti wa rafiki yetu ana miaka kumi na moja na amemfikia mama yake begani. Upande wa watoto nguo zinambana, na upande wa watu wazima blauzi zimekatwa kwa kumfikiria mwanamke mwenye kifua na kiuno, kwa hiyo akizivaa shingo inaning'inia na kila akiinama inabidi ashikilie kitambaa kwa mkono. Kodi nayo inamhesabu mtu mzima. Nguo zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wasiotimiza miaka 14 hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 0, ilhali vipimo vya watu wazima hutozwa asilimia 20, na mwenye duka hataulizia cheti cha kuzaliwa. Mama yake alitatua tatizo kwa kununua fulana za wavulana na suruali za michezo, na mtoto akaridhika kuliko tulivyotarajia.

Kinachompoteza mzazi dukani ni nguo yenye sura mbili. Utafiti wa wanasaikolojia wa chuo cha Kenyon nchini Marekani, uliochapishwa 2011, ulipitia nguo za wasichana zaidi ya 5,600 kwenye tovuti za maduka 15, na karibu asilimia 30 zilikuwa na dalili za kumpamba mtoto kama mwanamke wa kuvutia. Nyingi ya hizo zilikuwa pia na alama za kitoto. Nilipoisoma habari hiyo niliielewa mara moja, maana nami nimewahi kushika sketi iliyokatwa kama ya klabu ya usiku huku imejaa picha za paka wadogo, na kwa sekunde kadhaa jicho langu liliwaona paka tu.

Baada ya hapo nilikutana na jaribio jingine la Marekani, la 1998, ambalo halikuhusu watoto bali wanafunzi wa chuo, na bado limenikaa kichwani. Waliingizwa mmoja mmoja katika chumba chenye kioo, baadhi wakavaa nguo za kuogelea na wengine sweta, kisha wakapewa maswali ya hesabu. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Hata hivyo wanawake waliovaa nguo za kuogelea walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao wa sweta, na kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Watafiti walieleza kwamba sehemu ya akili ilikuwa imekwenda kuulinda na kuukagua mwili. Nilimkumbuka yule binti anayeshikilia shingo ya blauzi kwa mkono mmoja.

Kwa upande wangu, kosa nililifanya kwa ulimi. Binti yangu alitoka chumba cha kujaribia nguo amevaa kitopu kilichomwacha tumbo wazi, akazunguka mara mbili kwa furaha, nami kwa haraka nikamwambia, "Vua hiyo, tumbo lote liko nje, watu watakuangalia." Akasimama. Akajitazama kwenye kioo kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akijitazama, akaliingiza tumbo ndani na kuuliza, "Kwani baba, tumbo langu lina nini?" Nilikuwa nimekikataa kitambaa, lakini yeye alisikia kwamba mwili wake ndio uliokataliwa. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, alicheka kidogo kisha akasema, "Mwanangu, ungemwambia tu ainue mikono juu." Sikumwelewa mpaka nilipokata simu.

Siku hizi tukiwa dukani ninamwomba ainue mikono, achuchumae, aruke, kisha aniambie yeye mwenyewe kama kuna mahali alipolazimika kuvuta au kushikilia. Nguo mbili zilizopita jaribio hilo sikuzipenda hata kidogo, moja ikiwa ya rangi ya chungwa inayoumiza macho, lakini nilizilipia. Ile kaptula fupi niliirudisha, na binti yangu akaomba kama ya kaka yake. Jumapili mashine ya kufulia ilianza kugonga kwa kishindo, nikaizima nikidhani imeharibika. Ndani ya mifuko ya kaptula mpya kulikuwa na kokoto saba, kifuniko cha kalamu na konokono, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa gamba tupu.