Ule mkono gizani

Filamu ya kutisha ya The Haunting nimeiona mbili: ya 1999 na ya 1963. Hadithi ni ileile, nyumba ileile yenye visa vyake, lakini moja ilinipa usingizi na nyingine ikaninyima.

Ya 1999 ndiyo niliyoanza nayo. Tulikuwa watatu sebuleni, taa tumezima makusudi, na kabla haijafika nusu mdogo wangu alikuwa anakoroma. Nyuso za watoto zilizochongwa kwenye mbao zinageuka, sanamu zinapata uhai, mzimu wa mwenye nyumba unajaa ukumbi mzima kwa ufundi wa kompyuta. Hubakiziwi kitu cha kuwaza. Nikawa naangalia kama mtu anayeangalia fataki.

Ya 1963 niliipata miaka mingi baadaye, nikiwa peke yangu. Haina rangi. Aliyeiongoza ni Robert Wise, yuleyule ambaye miaka miwili baadaye alitoa The Sound of Music, filamu ya nyimbo na watoto (moyo wa binadamu una vyumba vingi!). Humo mzimu huuoni hata mmoja. Kuna vishindo vinatembea ukutani, vinakaribia, vinanyamaza. Kuna mlango mzito wa mbao unaovimba kuelekea ndani, unarudi, unavimba tena, kama kifua cha mtu anayehema. Basi.

Halafu kuna ule mkono. Eleanor, mmoja wa wageni wa nyumba hiyo, yuko gizani, anasikia minong'ono na mtoto akilia, na anaamini Theo, mwanamke anayelala naye chumba kimoja, kamshika mkono. Anabanwa mpaka anaumia. Anapiga ukelele, taa inawaka, na Theo yuko kitandani, upande mwingine wa chumba, ndiyo kwanza anaamka. Eleanor anatazama kiganja chake. Na mimi nikatazama changu.

Paka akiruka dirishani utashtuka, na dakika ya pili unacheka. Hofu haiondoki hivyo. Unaingia nayo chumbani, unavuta shuka, unahakikisha mguu haujatokeza nje.

Nisije nikaonekana nasifia vya zamani tu. Filamu ya The Thing ya John Carpenter, ya 1982, inatokana na hadithi iliyokwisha kuchezwa mwaka 1951, na kwangu mimi hii ya pili ndiyo inayotisha. Wala Carpenter hafichi: nyama zinapasuka, kichwa cha mtu kinaota miguu na kujiendea zake. Ila ile ya 1951 adui ni jitu, likija unaliona. Kwa Carpenter linajigeuza mtu yeyote. Umeshaonyeshwa dubwana lote na bado hujui nani kati ya wale wanaume waliokwama kambini ni mwenzako. Ndipo wanapopimana damu, maana ya dubwana ikiguswa na moto huruka. Vijisahani vimepangwa, waya umepashwa moto, wengine wamefungwa kamba kwenye kochi moja, bega kwa bega. Waya unagusa damu: chii. Huyu mzima. Kijisahani kingine. Nimeiona mara nne, najua kabisa ni kipi chenye balaa, na bado pumzi hazishuki mpaka kipite.

Wiki hii nimempa mdogo wangu ile ya 1963. Alicheka kusikia haina rangi. Jana saa saba usiku simu ikatoa mwanga: "Umelala?"

Nilikuwa macho. Sikumjibu.