Nilivyoandaa Somo Kuhusu Ivan Zassoursky kwa Wanafunzi wa Uandishi wa Habari

Nilipokabidhiwa somo la uchumi wa vyombo vya habari vya mtandaoni katika chuo ninachofundisha, nilikuta mifano yote ya mtaala imetoka Marekani na Uingereza, kana kwamba nchi nyingine hazikuwahi kupata intaneti. Kwa kuwa nilisomea Moscow kwa ufadhili wa serikali ya Urusi, na Kirusi changu cha kusoma kimebaki imara kuliko cha kuzungumza, niliamua kuandaa mfano mmoja mrefu, yaani maisha ya kazi ya Ivan Zassoursky, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Moscow ambaye pia ameasisi miradi kadhaa ya mtandaoni. Nilimtaka mtu ambaye si bilionea wala mfungwa wa kisiasa, kwa maana Warusi wa aina hizo mbili tunawasikia kila wiki, ilhali wahariri na walimu walio katikati hatuwajui kabisa.

Sikumhoji, wala sikukusudia kumhoji. Lengo langu lilikuwa kuwaonyesha wanafunzi namna ya kujenga wasifu wa kikazi kwa kutumia nyaraka zilizo wazi kwa kila mtu, hivyo nilijiwekea sharti la kutotegemea jambo lolote ambalo mwanafunzi asingeweza kulifikia mwenyewe kwa simu yake. Sharti hilo lilikaribia kukwama kwenye jina tu, kwani kwa herufi za Kilatini huandikwa Zassoursky, Zasursky au Zasurskiy, na kila maktaba ina tahajia yake. Nilipoanza kutafuta kwa herufi za Kirusi ndipo vitabu, makala na kurasa za miradi zilipokusanyika mahali pamoja.

Kisha likaja suala la babu yake. Yassen Zassoursky, aliyezaliwa 1929 na kufariki 2021, alikuwa mtaalamu wa fasihi ya Marekani na mkuu wa Kitivo cha Uandishi wa Habari cha Chuo Kikuu cha Moscow kuanzia 1965 hadi 2007. Aliingia katika nafasi hiyo zama za Brezhnev na kuiacha Putin akiwa madarakani, na waandishi wengi wa Kirusi wenye majina wamepita mikononi mwake katika lile jengo la Mtaa wa Mokhovaya, lenye sanamu ya Lomonosov mbele yake, karibu na kuta za Kremlin. Ivan, aliyezaliwa 1974, ni mjukuu wake, na alisoma katika kitivo hichohicho. Nilijua kwamba wanafunzi wangu wangesema mara moja kuwa huyu ni mtoto wa kigogo, kwa hiyo niliamua kuliweka jambo hilo mwanzoni kabisa badala ya kulingoja liibuke kama tuhuma. Maoni yangu, niliyowaambia waziwazi, ni kwamba ukoo unaeleza jinsi alivyoufikia mlango wa chuo kikuu, lakini hauelezi alichokifanya baada ya kuingia, kwa kuwa babu alikuwa mtu wa vitabu vya karatasi.

Kilichonisaidia kuupanga wasifu wenyewe ni jedwali rahisi. Upande mmoja niliandika kazi aliyoifanya, upande wa pili nikaandika fedha za kuiendesha zilitoka wapi. Mara tu jedwali hilo lilipojaa, maisha yaliyoonekana kutawanyika yalianza kuwa na mantiki.

Katika miaka ya 1990 Zassoursky aliandikia Nezavisimaya Gazeta, gazeti lililoanzishwa 1990 chini ya mhariri Vitaly Tretyakov, mwaka uleule ambao sheria mpya ya Kisovieti ya vyombo vya habari ilifuta ukaguzi wa maandishi kabla ya kuchapishwa. Uhuru huo ulikuja bila fedha. Bei zilipoachwa huru Januari 1992, karatasi, uchapaji na usambazaji vilipanda kwa kasi ambayo mauzo ya magazeti hayakuweza kuifuata, na kufikia 1995 gazeti lililojiita huru lilikuwa limeingia katika himaya ya tajiri Boris Berezovsky. Mwaka uliofuata, vyombo vikubwa vya habari vilimuunga mkono Boris Yeltsin katika uchaguzi wa rais, na mwaka 2001 kituo cha televisheni cha NTV kikachukuliwa na Gazprom, kampuni ya gesi inayodhibitiwa na serikali. Zassoursky aliyachambua mabadiliko hayo ya umiliki na siasa katika vitabu vyake, kikiwemo kile cha Kirusi cha 1999 na kile kilichotoka kwa Kiingereza 2004, ambamo anadai kwamba vyombo vya habari vya Urusi mpya havikuwa mtazamaji wa siasa bali uwanja wenyewe ambamo siasa ilifanyika. Hoja hii niliipa muda mrefu darasani. Mwanafunzi asiyeielewa ataona hatua zilizofuata kama za mtu anayehama kazi tu.

Baada ya magazeti alifanya kazi katika Rambler, mojawapo ya kampuni za mwanzo za intaneti ya Kirusi, kisha katika SUP, kampuni iliyopata haki ya kuendesha sehemu ya Kirusi ya LiveJournal mwaka 2006 na kuununua mtandao wote mwishoni mwa 2007. Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kuelezwa hapa kwamba LiveJournal, iliyoanzishwa na kijana Mmarekani 1999 kama daftari la kuandikiana na marafiki, iligeuka nchini Urusi kuwa mahali ambapo waandishi, maprofesa na wanasiasa walibishana kila siku, kwa sababu televisheni ilikuwa imeshafungwa kwa mabishano ya namna hiyo. Hata hivyo, jedwali langu lilionyesha jambo lilelile: ukumbi ulikuwa wa wote, lakini nyuma ya SUP alikuwepo tajiri Alexander Mamut.

Mwaka 2008, katikati ya msukosuko wa fedha duniani, Zassoursky alianzisha gazeti lake la mtandaoni, Chastny Korrespondent, ambalo wasomaji huliita Chaskor kwa ufupi. Hakulifungia ndani ya hakimiliki ya kawaida, bali maandishi yake yalitolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, ili mtu yeyote ayachapishe tena mradi amtaje mwandishi. Kibiashara, naliona chaguo hilo kuwa gumu kulitetea, kwani anayetoa mali yake bure hana cha kumuuzia msomaji wa kulipia, na nilikiacha kipengele hicho bila jibu ili wanafunzi wakokotoe wenyewe gharama za ofisi ndogo ya uhariri. Kwangu mimi faida yake ilikuwa ya moja kwa moja, maana niliweza kutafsiri makala za Chaskor kwa Kiswahili, kuzichapa na kuzigawa darasani bila kumwandikia mtu barua ya kuomba ruhusa.

Sehemu iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ya sheria. Kanuni ya Kiraia ya Urusi haikuwa na utaratibu ulio wazi wa leseni ya aina hiyo, hivyo mtu aliyechapisha kwa Creative Commons alibaki katika ukungu wa kisheria. Zassoursky, akiongoza chama cha wachapishaji wa mtandaoni, alikuwa miongoni mwa waliodai mabadiliko, na kifungu kinachotambua leseni huria kilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2014. Ajabu ni kwamba miezi miwili kabla, tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, ilianza kutumika sheria nyingine iliyomtaka mwanablogu mwenye wasomaji zaidi ya 3,000 kwa siku ajisajili kwa mamlaka. Niliziweka tarehe hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Darasa lililipuka, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotungwa hapa Tanzania mwaka 2018 na ada zilizowaangukia wanablogu wetu.

Hapo ndipo tulipojadili pia kwamba Zassoursky aliwahi kuwa mjumbe wa baraza linalomshauri rais wa Urusi kuhusu haki za binadamu. Baadhi ya wanafunzi walimwona kuwa mtu aliyekubali kupamba meza ya wakubwa. Mimi niliwasomea kifungu cha leseni huria nikawauliza kingepitishwa na nani kama si dola ileile, ingawa nakiri kuwa hoja yao haikufa kwa swali langu.

Kazi yake ya chuoni niliieleza kwa ufupi, isipokuwa mradi mmoja. Akiwa mkuu wa idara inayoshughulikia vyombo vipya vya habari, aliasisi Nauchny Korrespondent, jukwaa la kuchapisha kazi za wanafunzi, ambazo kwa kawaida huishia kabatini baada ya kutetewa. Tangu 2013 wanaharakati wa mtandao wa Dissernet walikuwa wakifichua tasnifu za kuibwa za wanasiasa na wakuu wa vyuo, na ni rahisi kuona kwamba kazi iliyo hadharani ni vigumu zaidi kuiiba kimyakimya. Mkuu wa idara yetu alilipenda wazo hilo kuliko wasifu wote uliosalia, na sasa kazi za mwaka wa tatu tunazichapisha kwenye tovuti ya chuo, kwa idhini ya maandishi ya kila mwanafunzi.

Miaka baada ya Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, niliishughulikia kwa tahadhari. Nilieleza sheria za Machi mwaka huo zinazoadhibu kile kinachoitwa habari za uongo kuhusu jeshi, nikaeleza kufungwa kwa Facebook na Instagram nchini humo, nikaishia hapo, kwa sababu katika mazingira ya namna hiyo ukimya wa mwandishi aliyeko Moscow hauwezi kusomwa kama ridhaa wala kama upinzani. Zoezi la mwisho lilimtaka kila mwanafunzi achukue mhariri mmoja wa gazeti la mtandaoni la Afrika Mashariki na kumchorea jedwali lilelile la kazi na mlipaji. Safu ya kazi waliijaza kwa urahisi. Safu ya mlipaji, kwa wengi wao, ilirudi ikiwa nusu tupu, nami nikawapa alama kwa kuonyesha ni nyaraka zipi walizozitafuta wakazikosa.